Gari Lililonyamazishwa

Alhamisi tarehe 10 Mei 1979, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Waziri, mfanyakazi wa kivuko cha Kindu, aligonga kioo cha pikapu iliyokuwa ya kwanza kwenye foleni ya kuvuka mto Lualaba. Mvua ilikuwa inakatika. Injini ilikuwa inanguruma, vioo vyote vimefungwa, na dereva ameegemeza kichwa kwenye usukani kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Waziri aligonga tena, akatukana kidogo, maana kivuko hakimsubiri mtu, kisha akafungua mlango. Dereva akamwangukia kifuani.

Aliitwa Paulin, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Karatasi za serikali zilimwita Kambale, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini pale mtoni hakuna aliyemjua Kambale. Hakuwa na jeraha. Uso wake ulikuwa mwekundu, wenye afya kuliko alipokuwa hai. Karibu na kioo cha mbele kilisimama kikombe kitupu cha chai.

Kikombe kilikuwa cha Mwavita, mjane mwenye watoto watatu aliyeuza chai na mandazi pale kivukoni. Hicho kilitosha. Huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi, na asiyeonja ana lake jambo. Waziri alikuwa amemwona Mwavita akimpa Paulin chai bila kuonja. Kufikia saa tatu mji mzima ulikuwa umeshahukumu, na Mwavita alikuwa ndani.

Onema, mpelelezi wa parike, ndiyo ofisi ya mwendesha mashitaka, alipewa faili ikiwa tayari imeandikwa jina la muuaji juu ya jalada. Kazi yake ilikuwa kujaza karatasi za katikati. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, mrefu, mwenye aibu, na kabla ya upolisi alifanya kazi ya reli miaka kumi na mmoja: alipita chini ya mabehewa na nyundo ndogo, akigonga magurudumu na kusikiliza lipi limepasuka. Masikio yake yalikuwa mazuri kuliko bahati yake.

Alianza na Mwavita.

“Juu ya nini hukuonja?” alimwuliza.

“Nilikuwa nimefunga, baba. Nalipa siku za Ramazani. Zilibakia siku ine.”

“Ulimwambia?”

“Nilimwambia. Akacheka. Akasema, Mama Mwavita, kama hii njo sumu, basi utie sukari mingi.”

“Saa ngapi?”

“Saa kumi na moja na nusu. Mvua ilikuwa kali. Alishusha kioo kidogo tu, akapokea, akafunga.”

“Hakuzima moteri?”

“Ataizima namna gani? Bateri yake ilikufa. Akizima, wantu watasukuma. Na ile mashini ya upepo alikuwa ameiwasha, kioo kisijae ukungu. Akaniambia: sikiliza, Mama, gari imepona, haiimbi tena.”

Onema aliinua kalamu. “Mbele ilikuwa naimba?”

“We! Pu-pu-pu, kama muntu anatwanga sombe kwa jirani. Ukisimama pa dirisha, sauti iko natoka na upepo.”

Onema aliandika yote, hata sombe, yale majani ya muhogo. Kisha akamwita Waziri, ambaye hakumpenda tangu mwanzo. Waziri aligombana na Paulin jioni ya jana yake kwa ajili ya nafasi kwenye foleni, Waziri ndiye aliyefungua mlango, na Waziri ndiye aliyemshitaki mama wa watu. Penye wengi pana mengi, lakini hapa mengi yote yalitoka kinywani mwa mtu mmoja.

“Uligombana naye,” alisema Onema.

“Niko nagombana na wantu wote, shefu. Njo kazi yangu. Ningewaua wote, nani angepanda kivuko?”

“Toka saa kumi na moja mupaka unagonga kioo, ulikuwa wapi?”

“Mu kibanda, na wenzangu wawili. Waulize. Nilitoka mara moja, njo pale nikamuona mama anatoa chai. Hakuonja. Sikusema amemuua. Nilisema hakuonja.”

“Ulipofungua mulango, ulisikia nini?”

Waziri akafikiri. Halikuwa jambo alilozoea. “Harufu ya moshi. Na ukimya. Wiki ya nyuma ukifungua ule mulango, ile pu-pu-pu ilikupiga mu masikio. Ile asubuhi hata mwanamuke wake asingejua kama njo ile gari.”

Wenzake wawili walithibitisha. Waziri akaachiwa, akaenda zake akiwa na uchungu wa mtu aliyesema kweli na asipendwe. Onema akasoma tena karatasi ya muuguzi: midomo myekundu, kucha nyekundu, hakuna matapishi, hakuna povu. Alipiga mstari chini ya neno “hakuna”, mara zote mbili.

Jumatatu tarehe 14 mkuu wake alimwita. Mkuu huyo alikuwa mtu mpole ambaye hakupandisha sauti kamwe, kwa sababu hakuwa na haja. Alimwonyesha hati: Mwavita angesafirishwa Jumamosi tarehe 19, kwa treni ya saa nane mchana, kwenda gereza la kusini kungoja kesi. Kila mtu aliwajua waliokwenda kusini kungoja kesi. Walingoja.

“Nadhani hakufanya, shefu.”

“Nani amefanya?”

“Sijui bado.”

“Ukijua mbele ya Jumamosi, nitasoma. Tarehe ishirini ni sikukuu ya Chama, wageni watakuja. Sitaki muuaji wa chai mu mji.”

Jumanne mjane alifika kwa ndege. Katungu, mke wa Paulin, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, na neno lake la kwanza lilikuwa: “Munioneshe ule mwanamuke. Nataka nimuone mu macho.” Onema alimwomba aone gari kwanza. Alikubali kwa shingo upande.

Pikapu ilikuwa uani kwa polisi tangu siku ya kifo, milango imebandikwa lakiri ya serikali. Jumatano tarehe 16, saa tatu asubuhi, Onema alibandua lakiri mbele ya Katungu na askari wawili waliokuja kwa sababu ya kivuli. Alileta bateri ya kuazima na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja ya mpira aliitia sikioni.

“Utasikiliza gari kama munganga?” aliuliza Katungu.

“Gari inasema ukweli, mama. Haina muntu wa kuogopa.”

Kwanza aliwasha feni, injini ikiwa imezimwa. Mluzi mwembamba ukatoka. Alipoongeza mwendo wa feni, mluzi ukapanda, alipoizima, ukafa. Akaandika: Sauti ya kwanza, feni yenyewe, haina hatia. Kisha akasikia kitu kinagonga tak, tak ndani ya njia ya hewa. Aliingiza vidole, akakishika kibati cha kugeuzia upepo, kugonga kukakoma. Sauti ya pili, kibati kilicholegea, haina hatia. Wale askari wakaanza kuchekana.

Ndipo akawasha injini, feni ikiwa imezimwa. Kwa mbali, chini kabisa, palisikika pu-pu-pu, nzito, kama imefunikwa blanketi. Akawasha feni. Akapeleka ncha ya mpira kwenye tundu la hewa la kulia, kisha la kushoto, kisha chini ya dashibodi karibu na miguu ya dereva. Pale chini sauti ikampiga sikioni. Akatoka nje, akapeleka mpira kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo feni huvutia hewa ya nje. Hapo sauti na upepo vilipaswa kupita kwa wingi. Palikuwa kimya.

“Mama, washa joto, tusikie na yenyewe,” alimwambia Katungu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha abiria.

Katungu alisukuma kishikio. “Haifanyi kazi. Joto iko wapi?”

Askari mmoja akacheka. “Joto ya nini, mama? Hapa ni Kindu.”

“Gari ya Butembo haikosi joto,” Katungu alijibu bila kumtazama. “Pale Lubero asubuhi kioo kinajaa ukungu, huoni hata ng'ombe. Mwezi wa kwanza alitoka kwetu, joto ilikuwa inafanya kazi. Mimi mwenyewe niliotea mikono.”

Onema alifungua boneti. Nyuma ya injini, kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva, palikuwa na matundu mawili, kila moja la kutosha kupitisha limau. Mipira ya maji ya moto ilikuwa imeng'olewa. Katika Kindu hilo si kosa, ni desturi. Gari likifika kutoka nchi ya baridi, fundi huing'oa ile mipira siku ya kwanza, akaifunge kwenye rejeta ya mwingine inayovuja, na hakuna anayekumbuka kuziba matundu, maana hapa kila mtu huendesha vioo vikiwa wazi. Nani afunge kioo katika joto hili? Mtu wa Butembo, wakati wa mvua.

Chini ya matundu yale lilipita bomba la moshi. Lilikuwa limepasuka kwa urefu wa kidole, na pembeni pamejaa masizi.

“Hii si bomba yake,” alisema Katungu. “Alikuwa na mupya. Nilinunua Bukavu mimi mwenyewe, nikakwaruza K na musumari, sababu mu malori vintu vinageuka vya wantu wote. Aliniandikia barua: fundi ataifunga kabla nirudi.”

Onema akarudi kwenye matundu ya hewa chini ya kioo. Aliingiza mkono mpaka kiwiko, akashika kitu laini, akavuta. Kilitoka kitambaa, kimekunjwa na kushindiliwa, cheusi kwa mafuta, urefu wa kanga moja. Alipomaliza kukivuta, ile pu-pu-pu ikaingia ndani ya gari kwa nguvu zote na kutokea katika kila tundu la hewa. Katungu aliruka nje.

“Njo hiyo! Njo hiyo sauti aliniandikia!”

Onema alikirudisha kitambaa kama kilivyokuwa. Akaomba kuku. Saa nne na dakika kumi walimfunga jogoo kwenye kiti cha dereva, wakafunga vioo, injini na feni vikiendelea. Feni, ikiwa imezibwa pua ya nje, ilivuta hewa mahali pengine palipokuwa wazi, yaani kwenye matundu mawili juu ya bomba bovu. Saa nne na dakika arobaini na tano walifungua mlango. Jogoo alikuwa amekufa bila kupiga bawa, na kilemba chake kilikuwa chekundu kupita kiasi.

Katungu alikitazama kile kilemba. Alikaa chini, palepale kwenye matope ya ua wa polisi, akalia kilio ambacho alikuwa amekihifadhi kwa ajili ya kaburi. Askari waliondoka mmoja mmoja.

Jioni Onema alipeleka taarifa. “Kuku si muntu,” alisema mkuu wake kwa upole. “Na gari haijizibi. Nani aliziba?”

Jibu lilimjia nyumbani, Alhamisi, saa saba mchana, juu ya meza ya kulia. Mkewe, aliyeitwa Claire ndani ya nyumba na jina lingine nje, alirudi kutoka kwenye mgao wa vitenge vya sikukuu. Alikitandika kitenge chake kipya: kijani kibichi, mwenge wa Chama, na picha ya Mwenyekiti wa Chama, mkuu wa nchi, imejirudia kila hatua moja. Onema aliacha ugali wake. Alichukua mfuko wake, akatoa kile kitambaa cha mafuta, akakilaza kando. Chini ya uchafu palikuwa na kijani kilekile, mwenge uleule, na jicho moja la Mwenyekiti likimtazama.

“Toa hicho kintu pa meza yangu,” alisema Claire, sauti imepungua. “Umekitoa wapi?”

“Hivi vitenge vilifika lini?”

“Na treni ya tarehe saba. Lakini vilikuwa vimefungwa ku depo ya Komiseri. Leo njo siku ya kwanza wamegawa. Onema, funika.”

Alifunika. Gari lilikuwa chini ya lakiri tangu tarehe kumi. Kwa hiyo kitambaa kiliingia humo kati ya tarehe saba na kumi, wakati hakuna mtu mjini aliyekuwa nacho isipokuwa watu wa nyumba ya Komiseri, mkubwa wa serikali na wa Chama pale Kindu. Na ndani ya pikapu Onema alikuwa amekuta karatasi ya garaji: gari limeingia kwa Masudi tarehe nane, limetoka tarehe tisa jioni. Masudi ndiye pia aliyetunza gari la Komiseri. Lilikuwa la aina ileile, bali jeusi na lenye kung'aa.

Ijumaa tarehe 18, saa moja na nusu asubuhi, Onema na Katungu waliingia garajini. Masudi, fundi mwembamba mwenye mikono iliyopasuka, alikuwa chini ya lori. Alitoka, akamwona mjane, akaanza kuipangusa mikono ambayo haikuwa ya kupanguswa.

“Pole, mama,” alisema. “Pole sana.”

“Bomba yangu iko wapi?” aliuliza Katungu.

“Bomba gani?”

Onema alikilaza kitambaa juu ya meza ya vyuma. “Masudi, sikukuja kukupiga. Nitakuuliza vintu vitatu. Nani aling'oa joto ya ile gari?”

“Miye. Mwezi wa pili. Kila gari natoa. Nani anataka joto Kindu?”

“Nani alikupa hiki?”

 Masudi alitazama mlango, kisha dari.

“Kilikuwa mu depo ya Komiseri,” Onema aliendelea. “Tarehe nane ulikuwa na gari mbili hapa. Ya Paulin na ya Komiseri. Zote mbili zilikuwa nalia?”

“Zote mbili,” alisema Masudi taratibu. “Bomba zimepasuka pahali pamoja.”

“Na bomba mupya ilikuwa ngapi?”

“Moja.”

 Nje mtu alikuwa akijaribu kuwasha gari, na gari likikataa.

“Amuri, shofere ya Komiseri, alikuja,” Masudi alisema, na maneno sasa yalitoka yenyewe. “Akasema: Komiseri hataki kusikia ile sauti. Wageni watapanda mu gari yake siku ya ishirini. Akaona bomba ya mama pa ukuta. Akasema, si hii hapa? Nikamwambia ina mwenyewe. Akaniuliza: unamukumbuka fundi wa zamani, aliyekuwa hapa mbele yako? Baba Onema, weye unamukumbuka. Alisema gari ya mukubwa ingoje pièce, kipuri kifike. Wakaandika sabotaji, eti ameharibu kwa kusudi. Hajarudi mupaka leo.”

“Ukaifunga.”

“Nikaifunga. Amuri akafurahi, akanikatia kipande cha kitenge. Zawadi. Kesho yake Paulin akaja. Alikuwa na haraka ya kwenda kwake. Ningemwambia nini? Nimetoa bomba yako kwa Komiseri? Angeenda kulalamika, wangetufunga wote wawili. Nikasema nimeifunga. Nikatafuta pa kuingilia sauti, nikapaziba. Nilikuwa na hicho tu mu mukono. Nilisema akirudi mwezi ujao, nitakuwa nimepata ingine.”

“Ulijua moshi utaingia?”

“Wallahi sikujua! Gari ngapi Kindu zina matundu yale? Zote! Nani alikufa? Hakuna anafunga kioo!” Akamgeukia Katungu. “Mama, niliuziba mudomo wa gari. Sikujua ilikuwa naita.”

Katungu alikigusa kile kitambaa juu ya meza. “Ulimuona akicheka?” aliuliza. “Gari iliponyamaza, alicheka?”

“Alicheka. Alinishika mukono.”

Masudi alitia sahihi maelezo yake saa tatu kasoro robo, baada ya kuichafua karatasi ya kwanza kwa mafuta. Onema alikimbia nayo parike. Alikimbia kweli, mtu mzima na tumbo lake, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka saba alikuwa na faili iliyokamilika.

Mkuu wake alisoma yote, kurasa sita, bila kuruka mstari. Kisha akafunga mlango.

“Kazi nzuri,” alisema. “Nimeamini. Sasa nisaidie. Bomba iko wapi leo?”

“Chini ya gari ya Komiseri.”

“Nani atalala chini ya ile gari kuitafuta? Weye?”

Onema aliushika mfuko wake.

“Na kitambaa. Nitakileta mbele ya jaji, niseme: hii ni picha ya Mwenyekiti, ilitiwa mu uchafu, nikaiona, nikaitembeza mu mji ndani ya mufuko? Masudi atahukumiwa juu ya picha, si juu ya Paulin. Weye utamufuata, sababu uliibeba. Na ule mama atabakia na sumu yake, sababu hakuna faili ingine.”

“Shefu, hakufanya kintu. Ana watoto watatu.”

“Najua.” Na uso wake ulionyesha kwamba anajua, na hilo ndilo lililomuumiza Onema kuliko yote. “Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimekupa: nimesoma. Peleka kitambaa kwako, kifuliwe, kipigwe pasi. Hizi karatasi zitabakia kwangu.”

Aliziweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Onema alisimama pale kidogo, mikono mitupu, kisha akaenda jela kumwambia Mwavita.

Alimweleza kila kitu kupitia nondo: mluzi, kibati, matundu, jogoo. Mwavita alisikiliza bila kumkatiza.

“Kwa hiyo chai yangu haikumuua,” alisema.

“Haikumuua.”

“Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Basi nitatoka.”

Onema alijaribu kusema, akashindwa. Mwavita alimtazama akishindwa, akaelewa, akaanza kumweleza mambo ya watoto: nani ana pumu, nani asipewe pilipili, shangazi yupi wa Lokandu aandikiwe.

Jumamosi tarehe 19, saa saba na nusu, stesheni ilijaa. Treni ileile iliyokuwa imchukue Mwavita ilikuwa imeleta wageni wa Chama, na wanawake wa vitenge vipya walicheza na kuimba kuwapokea. Gari jeusi la Komiseri liliingia katikati ya watu. Hawakusogea mpaka lilipowagusa, kwa sababu hakuna aliyelisikia. Lilisimama karibu na jukwaa, injini ikiwaka, kimya kabisa, na Amuri kwenye usukani amevaa glavu nyeupe.

Katungu alikuwa kando ya lile gari. Alidondosha leso. Aliinama kuichukua, goti moja chini, shavu karibu liguse ardhi, akakaa hivyo muda mrefu kuliko leso inavyohitaji. Amuri alianza kufungua mlango. Katungu aliinuka, akajipangusa goti, akamjia Onema.

“Iko,” alisema. “K yangu iko.”

Kisha akaelekea kwenye behewa la mwisho, ambako Mwavita alikaa juu ya bunda lake, mkono mmoja umefungwa kwa pingu kwenye mkono wa askari. Watu walifungua njia. Walimjua Katungu kuwa mjane wa marehemu, wakangoja matusi. Hata wanawake waliokuwa wakicheza walipunguza sauti. Pembeni ya Mwavita palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu chupa ya chai ambayo bintiye alikuwa amemletea.

“Mama Mwavita,” alisema Katungu, kwa sauti iliyofika mbali. “Nipe chai.”

Mwavita alimimina kwa mkono mmoja. Siku hiyo hakuwa amefunga. Aliinua kikombe midomoni ili aonje, kama inavyopasa, na Katungu akamshika mkono.

“Usionje,” alisema.

Alikunywa mbele ya stesheni nzima, polepole, mpaka chini, akakipindua kikombe watu waone. Waziri wa kivukoni, aliyekuja kubeba mizigo, alivua kofia.  Askari aliangalia saa yake, akamsaidia Mwavita kupanda.

Onema alitoa daftari yake. Alijua hakuna atakayeisoma, na droo ya mkuu wake ilikuwa na nafasi ya kutosha. Hata hivyo aliandika, kwa herufi zake za reli, wima na wazi: Saa saba na dakika hamsini, mjane wa marehemu amekunywa chai ya mshitakiwa, bila kuonjewa. Akaweka sahihi. Saa nane na robo treni iliondoka.